Mgeni Hakuomba Kasino

Watafiti wa utalii wana swali wanalolipenda. Humkuta mgeni kando ya bwawa la kuogelea, au kwenye foleni ya uwanja wa ndege akisubiri kurudi kwao, wakamwuliza: je, ungefurahi zaidi kama mahali hapa pangekuwa na kasino halali? Ungekaa siku zaidi? Ungetumia pesa zaidi? Ungerudi? Majibu hujumlishwa na kupelekwa mezani kwa waziri kuwa ushahidi kwamba wageni wanataka, au hawataki, au hawajali. Swali hilo limezunguka dunia nzima ya fukwe na miji ya mapumziko, na mara nyingi huulizwa pale serikali inapotaka kufungua mlango wa kamari bila kuonekana imewafungulia watu wake.

Kenya ilianza na sheria. Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ilipitishwa mwaka 1966, mwaka mmoja tu baada ya serikali kuunda Shirika la Maendeleo ya Utalii, KTDC. Nchi changa ilikuwa inatafuta fedha za kigeni, na mtalii ndiye aliyekuwa akizileta mfukoni bila kuhitaji meli wala ghala. Muongo ule ulipokuwa ukielekea ukingoni, Hilton na Inter-Continental zilikuwa zimesimama katikati ya Nairobi, na pale Museum Hill palikuwa na kasino. Pwani nayo ikapata zake, Mombasa na Malindi. Picha ilikuwa safi: mzungu aliyetoka kuona simba, amevaa shati jeupe, anaweka vidonge vyake vya rangi juu ya kitambaa cha kijani, anapoteza kidogo, anacheka, analala, kesho anapanda ndege.

Miaka karibu sitini imepita. Ukitaka kuona kamari ya Kenya ilipofikia, usiende Museum Hill. Shuka Outer Ring Road, ingia Pipeline.

Nakubali kwamba ni ajabu kuzungumzia maoni ya watalii kwa kuanzia mtaa ambao hakuna mtalii anayeukaribia. Pipeline iko Embakasi Kusini, imepakana na Tassia na Mukuru kwa Njenga, na imechukua jina la kampuni ya bomba la mafuta, Kenya Pipeline. Kutoka hapo hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) ni kilomita chache tu. Mgeni anayetua hupandishwa gari, akapelekwa Barabara ya Mombasa hadi hotelini au moja kwa moja mbugani, bila kujua kwamba nyuma ya viwanda na maghala upande wake wa kulia kuna ghorofa zilizosongamana kiasi kwamba vyumba vya chini huwasha taa saa sita mchana. Ila anayemtandikia kitanda, anayemfungulia lango, anayeosha sufuria za hoteli na anayebeba mizigo kwenye ghala la mizigo ya ndege, huenda usiku akarudi mitaa ya namna hii. Hayo mawili, meza ya kijani na chumba cha futi kumi kwa kumi, yameunganishwa na historia moja ya leseni, na ndiyo sababu swali la watafiti linafaa kuletwa huku.

Tulitazame kwanza jibu la mgeni. Kasoro yake kubwa haiondoki hata ukiwauliza watu elfu kumi: halimgharimu kitu. Anaulizwa kuhusu jambo ambalo halipo, katika nchi ambayo Jumapili ataiacha. Akisema ndiyo, hatailipia kodi barabara ya kwenda kasino, hatamlea mtoto wa dereva aliyepoteza mshahara, hatakaa kwenye kikao cha chifu. Akisema hapana, huenda anasema tu kwamba hataki pwani yake tulivu ifanane na kitongoji cha kelele alichokikimbia kwao. Na sehemu kubwa husema "sijali", jibu ambalo watetezi wa kasino hulihesabu kuwa idhini na wapinzani hulihesabu kuwa kukataa. Mimi nalichukua lilivyo. Mtu asiyejali kitu hasafiri saa nane angani kukifuata.

Hapo ndipo hoja ya utalii inapoanza kuchechemea. Anayependa kasino huko London, Milano au Johannesburg anayo karibu na kwake, au anayo simuni. Kumwambia aje Nairobi kutafuta ruleti ni kumwuzia mchanga mtu anayeishi jangwani. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 2.4, na utalii ukaingiza karibu shilingi bilioni 452. Wamarekani walikuwa wengi kuliko wote, wakifuatwa na Waganda kisha Watanzania. Walikuja kuona nyumbu Maasai Mara, kuogelea Diani, kukaa kwenye mikutano, kununua bidhaa Eastleigh, kuzika jamaa, kuozesha, kusalimia ndugu. Zanzibar ilipita wageni 700,000 mwaka huohuo, na sijaona tangazo lake hata moja lililopambwa kwa meza ya kamari. Maldivi, ambako kamari ni haramu kisheria na kidini, ilipita milioni mbili. Hawaii ni mojawapo ya majimbo mawili tu ya Marekani yasiyo na kamari halali ya aina yoyote, na hupokea watu takriban milioni kumi katika mwaka mzuri. Bahari haihitaji msaidizi.

Watu wa Malindi watanipinga. Watasema Waitaliano walikuwa na kasino yao barabara ya Lamu na ilichangamka. Ni kweli ilichangamka. Lakini Waitaliano walikuwa wamekwisha kuifanya Malindi yao, wamejenga nyumba, wamefungua maduka ya aiskrimu na mikahawa ya piza, na watoto wa Malindi wamejifunza Kiitaliano kabla ya kumaliza darasa la nane. Kasino iliwafuata walipokuwa. Kumbukumbu za pwani zikichanganya mpangilio huo wa matukio, mtu anaweza kuamini kwamba meza za ruleti ndizo zilizoleta ndege za kukodi kutoka Milano.

Je, hakuna kabisa mahali ambapo kasino imeleta wageni? Papo, na pote pana sharti moja: jirani awe amepiga marufuku. Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931 wakati majimbo ya pembeni yalikuwa yameifunga. Monte Carlo ilistawi kwa wageni waliotoka katika nchi zilizozima michezo hiyo. Na bara letu lina mfano ulio wazi kuliko yote, Sun City. Desemba 1979 Sol Kerzner alifungua mji huo wa anasa ndani ya Bophuthatswana, "nchi" ambayo serikali ya makaburu iliichora kwenye ramani na ambayo haikutambuliwa na taifa lolote jingine la maana. Afrika Kusini ilikuwa imekataza kamari. Bophuthatswana, kwa kuwa ni "nchi ya nje", iliiruhusu. Kwa hiyo mkazi wa Johannesburg alisafiri kwa gari saa mbili hivi, akavuka mpaka wa kubuni, na hapo akawa mtalii. Hakubadilisha lugha, pesa wala hali ya hewa. Mwaka 1996 Afrika Kusini ikapitisha sheria ya kitaifa ya kamari, makasino yakajengwa Johannesburg kwenyewe, na ule upekee wa Sun City ukayeyuka. Ikabidi iishi kwa gofu na mabwawa yake ya mawimbi. Atlantic City kule New Jersey ilipita njia hiyohiyo. Wapiga kura waliruhusu kasino mwaka 1976, kwa miongo kadhaa watu wa pwani ya mashariki wakamiminika, kisha majimbo jirani yakafungua zao, na mwaka 2014 peke yake kasino nne za mji huo zikafungwa.

Afrika Mashariki hatuna hata huo upekee wa kupoteza. Kasino ziko Nairobi, ziko Dar es Salaam, ziko Kampala. Upande wa pili wa bahari, Falme za Kiarabu zilianzisha mamlaka ya kusimamia michezo ya kubahatisha mwaka 2023, na mwaka uliofuata kampuni ya Wynn ikapewa leseni ya kasino kule Ras Al Khaimah, inayotarajiwa kufunguliwa 2027. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyezoea kwenda Dubai kuleta mali atakuwa na meza karibu na ghala lake. Tajiri wa Ghuba aliyekuwa na sababu ya kutoka nje kutafuta mchezo huo atakuwa nayo nyumbani. Anayesema leo kwamba kasino mpya Nairobi italeta watalii anapaswa kumtaja mtalii huyo, atoke wapi, na huko atokako amekosa nini.

Sasa kuna jambo ambalo nchi nyingine zililisema kwa uwazi usio na haya, na ambalo sisi tulilifunika. Kasino ina faida kwa taifa pale pesa inayopotea mezani inatoka nje ya taifa. Pesa ya mgeni ikibaki, ni kama umeuza chai au maua. Pesa ya mwenyeji ikibaki, umeitoa mfuko mmoja ukaitia mwingine, na katikati umekata asilimia ya mwenye mashine. Monako iliwakataza raia wake wenyewe kucheza katika kasino ileile iliyoijenga nchi. Korea Kusini imejaza kasino za wageni, na kwa raia wake ikaruhusu moja tu, iliyowekwa milimani katika eneo la migodi iliyokufa. Singapore ilibishana sana mwaka 2005 kabla ya serikali kuamua kuruhusu majengo mawili makubwa yenye kasino, yaliyofunguliwa 2010. Mgeni mwenye pasipoti huingia bure. Raia au mkazi wa kudumu alitozwa dola 100 za Singapore kwa saa ishirini na nne, na mwaka 2019 ada hiyo ikapandishwa hadi 150. Serikali hizo zilikuwa zinasema, kwa vitendo: mchezo huu una madhara, tunayajua, na tumeamua yamwangukie mtu wa mbali. Unaweza kuwalaumu kwa ubinafsi. Kwa kudanganya, hapana.

Kenya ilichukua lugha ya mgeni ikaacha mlango wa mgeni. Hatukuweka ada kwa mwenyeji, hatukumwomba mtu pasipoti, na takwimu za kodi hazikutuambia shilingi ipi ilitoka kwa Mjerumani na ipi ilitoka kwa mwalimu wa Kayole. Kwa miaka mingi hilo halikuonekana kwa sababu kasino zenyewe zilikuwa ghali na zenye mlinzi wa kukutazama viatu. Umaskini ndio uliokuwa kizuizi, na sheria ikapumzika ikidhani kazi inafanyika.

Kisha vizuizi vikaondoka kimoja baada ya kingine. M-Pesa ilianza Machi 2007. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ikaingia sokoni 2014, na ghafla mtu angeweza kuweka dau la mechi ya Uingereza akiwa kwenye foleni ya maji. Mwaka 2017 jina hilo lilikuwa kifuani mwa wachezaji wa Everton, na Julai timu hiyo ikatua Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Mtu angesema utalii wa michezo umeiva. Mwaka huohuo uchunguzi wa GeoPoll ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kucheza kamari, wa kwanza miongoni mwa nchi za Kiafrika zilizopimwa. Januari 2019 ikaja Fuliza, na salio likiwa sifuri simu ikaweza kukopesha. Leo kuna ndege ya Aviator inayopaa kwenye skrini huku pesa zikiongezeka, nawe unatakiwa ubonyeze kabla haijatoweka. Mchezo huo haungoji Jumamosi wala refa.

Pembeni ya simu kuna mashine. Mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, anazijua: sanduku lenye taa, limeletwa na "Wachina" kama watu wanavyosema hata pale aliyelileta ni Mkenya, limesukumwa kwenye kona ya duka la pombe au nyuma ya pazia la duka la kawaida, linameza sarafu za shilingi ishirini. Mwaka 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru zisakwe, na televisheni zikaonyesha marundo yakichomwa moto. Zilirudi. Zinarudi kila mara, kwa sababu mwenye duka analipa kodi ya nyumba kila mwezi na sanduku hilo halilipwi mshahara.

Kwa nini Pipeline hasa? Mji wote unacheza, sitaki kuufanya mtaa mmoja kuwa jalala la kila lawama. Lakini Pipeline imejengwa kwa namna inayokifanya kitu kidogo kiwe kikubwa. Ni ghorofa saba, nane au zaidi, vyumba vya mtu mmoja vimepangwa pande mbili za ukumbi wa giza, choo cha pamoja, maji ya kuvizia. Marie Huchzermeyer, aliyeandika kitabu kuhusu miji ya nyumba za kupanga mwaka 2011, aliitazama Nairobi kuwa mji ambamo nyumba za namna hii zimekuwa biashara kubwa ya watu binafsi. Mwanaanthropolojia Mjerumani Mario Schmidt ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2024, kuhusu wanaume wahamiaji wa Pipeline na mzigo wa kutarajiwa kuleta pesa. Ukikaa huko hata jioni moja unaelewa mzigo huo unatoka wapi. Mwanamume aliyetoka Siaya, Kakamega au Kisii hakuja Nairobi kuishi futi kumi kwa kumi. Alikuja kupita. Kule nyumbani anatarajiwa kujenga, kulipa karo ya mdogo wake, kuchanga matanga. Huku mwenye nyumba anataka kodi tarehe tano, na msimamizi wa jengo ana kufuli mkononi. Baina ya kibarua cha mia sita kwa siku na matarajio ya laki mbili hakuna ngazi. Ushindi wa jackpot ni kitu pekee anachokiona chenye ukubwa sawa na tatizo lake.

Watu wanaowaita hao wajinga hawajafanya hesabu, au wameifanya nusu. Gurudumu la ruleti lenye sifuri moja lina vijisanduku 37. Ukiweka shilingi mia kwenye namba moja ukapata, unalipwa mara 35, ilhali haki ingekuwa 36. Kijisanduku hicho kimoja ndicho mshahara wa nyumba, takriban asilimia 2.7 ya kila dau. Ndege ya simuni inatangazwa kurudisha asilimia 97, maana yake inakata tatu. Kwa macho, mchezo wa Pipeline unafanana sana na mchezo wa hoteli ya nyota tano. Tofauti iko kwenye kasi na mahali pa kuishia. Mgeni anacheza usiku mmoja au miwili kwa pesa aliyokwisha kuiandika kwenye bajeti ya likizo. Ikiisha, anakwenda kulala, na ndege yake ya kweli inaondoka alfajiri. Mtu wa Pipeline anaweka ishirini ishirini, raundi moja nusu dakika, mapumziko ya chakula cha mchana, ndani ya matatu, kitandani. Raundi mia mbili za shilingi ishirini ni madau ya shilingi 4,000, na asilimia tatu yake ni 120. Huo ni wastani tu, na wastani unaficha mambo: mmoja kati ya wengi amechukua pesa nono, na wengine wamebeba hasara yake. Ongeza kodi. Sheria ya Fedha ya 2025 inakata asilimia tano ya pesa unayoingiza kwenye pochi ya kamari na asilimia tano nyingine unapoitoa. Ingiza mia, usicheze kabisa, itoe: utabaki na shilingi 90 na senti 25. Serikali inasema inapunguza uzito wa kodi ikilinganishwa na asilimia 15 ya dau iliyokuwapo, na kweli imepunguza, lakini imekuwa mwenzi wa meza.

Lakini rudi kwenye neno "kupita". Nchi zilizotenganisha mgeni na mwenyeji zilidhani mstari huo hauna utata: mwenye pasipoti ya nje huyu, mwenye kitambulisho chetu yule. Pipeline inauvuruga. Ukimwuliza mpangaji wa ghorofa ya sita anatoka wapi, atakutajia kijiji. Nyumbani kwake ni huko. Hapa ni "kwa nyumba". Desemba mabasi yanamrudisha, na akifa atarudishwa. Anatumia Nairobi kwa namna fulani kama mtalii anavyotumia Diani, kwa muda, macho yakiwa kwingine, ila yeye hapati mapumziko. Nadhani hapa ndipo kamari inapomshika kuliko inavyomshika mtu aliyetulia mahali pake. Mtu anayeishi kwa muda anavumilia hatari ambayo mwenye makao hangeivumilia. Anajiambia kwamba haya si maisha yake halisi, ni safari ya kwenda kwenye maisha. Na watengenezaji wa michezo hii wanaijua hali hiyo ya akili vizuri, maana ndiyo hiyohiyo wanayoitafuta kwa mtalii: uwe mbali na kwenu, pesa isiwe na uzito uleule, kesho iwe mbali.

Basi, kwa maana moja, Kenya ilipata watalii wake wa kasino. Ni Wakenya, kama wale wa Sun City walivyokuwa Waafrika Kusini.

Wanasiasa wa jiji waliliona jambo hili, kwa namna yao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti mamlaka juu ya kamari na kasino katika eneo lao, huku serikali kuu ikishika zile za kitaifa. Julai 2019 wawakilishi wadi wa Nairobi waliunga mkono hoja ya kutaka michezo hiyo iondolewe katikati ya jiji na mitaani, ibaki kwenye hoteli za nyota tano. Ni mwezi huohuo ambao leseni za kampuni kubwa za kubeti, SportPesa na Betin zikiwamo, zilikataliwa kuhuishwa katika mvutano wa kodi, na wakurugenzi wa kigeni wakaamriwa waondoke nchini. Hoja ya wawakilishi wadi ilikuwa ni kukiri kwamba 1966 ilikwenda kombo: mrudisheni mgeni mezani kwake, na mtaa muuachie mtaa. Lakini mwaka 2019 meza ilikuwa imekwisha kuingia mfukoni mwa suruali. Unaweza kufunga duka la kubeti la mtaani. Huwezi kufunga simu iliyo ghorofa ya sita. Waliokuwa wakicheza kwa kampuni moja walihamia nyingine, na maisha yakaendelea.

Kwa hiyo sina imani na marufuku ya jumla, na watu wa makanisa na misikiti wanaoidai watanisamehe. Wanasema kweli kuhusu madhara, hawasemi kweli kuhusu dawa. Uganda imeweka umri wa chini wa kucheza kuwa miaka 25, juu sana ya 18 yetu, na bado vibanda vya kubeti Kampala havijakosa wateja. Pia niwatendee haki wenye kasino za hoteli: meza yenye mlango, mlinzi, kamera na saa ya kufunga ina madhara machache kuliko ndege isiyolala. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kibaki Nairobi, ningechagua hicho cha kizamani, chenye vitambaa vya kijani na wahudumu waliovaa tai. Kinaajiri watu wenye majina na malipo ya hifadhi ya jamii, NSSF. Sanduku la sarafu haliajiri mtu.

Nisichokubali ni jina la mtalii kuendelea kutumika kama hirizi. Kila mara mjadala wa kamari unapowaka bungeni, mtu husimama kutukumbusha kwamba sekta hii inavutia wageni na fedha za kigeni. Vizuri, ionyeshwe. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, inayoiweka kando ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani. Sheria hiyo imeweka dau la chini la shilingi 20 kwa kamari ya mtandaoni. Ishirini: ni ileile sarafu ya sanduku la Eastlands. Hakuna mtalii aliyewahi kuombwa dau la shilingi ishirini. Namba hiyo pekee inakuambia mtunga sheria alikuwa anamwona nani alipoandika, na nampongeza kwa kuwa angalau alimwona, hata kama mtu wa kibarua cha mia sita bado anaweza kulipa dau hilo mara thelathini kwa siku.

Na watafiti wa utalii, wakija tena na fomu zao, waongeze kituo. Wamalize kuuliza kando ya bwawa, kisha wapande matatu pamoja na aliyelisafisha bwawa hilo zamu yake ikiisha saa kumi na moja. Wamwulize yeye: kasino ikiongezwa pale kazini kwako, ungefurahi? Nadhani wengi wangesema ndiyo haraka kuliko mgeni yeyote, kwa sababu ya kazi. Halafu wamwulize ya pili: na mashine iliyo chini ya ploti yako, ibaki? Hapo jibu litachelewa. Atamfikiria mumewe, au kaka yake, au simu yake mwenyewe, na huenda asikujibu ukiwa na kalamu mkononi. Majibu hayo mawili yakiwekwa kwenye jedwali moja, waziri atakuwa na kitu cha kusoma kinachozidi asilimia za watu walio njiani kurudi Frankfurt.

Kwa sasa kuna kazi ndogo zaidi, na ni ya karani. Kanuni za sheria mpya zitahitaji fomu: fomu ya leseni, fomu ya mapato ya kila mwezi, fomu ya kodi. Kwenye fomu ya mapato iwekwe safu moja inayotenganisha pesa iliyopotezwa na mwenye pasipoti ya nje na ile iliyopotezwa na mwenye kitambulisho cha Kenya, kisha namba hizo zichapishwe kila mwaka karibu na zile za wageni waliotua JKIA. Kasino za hoteli zinaweza kuijaza safu hiyo kesho, kwa sababu tayari zinamtambua anayeingia. Kampuni za kubeti kwa simu zinaweza kuijaza leo, kwa sababu kila akaunti imefungwa kwenye laini iliyosajiliwa. Atakayepinga safu hiyo aeleze sababu hadharani, na aieleze bila kumtaja mtalii.